Namna ya kufikisha intaneti ya nyumba kubwa hadi chumba cha uani

FAMILIA nyingi nchini hulipia huduma ya intaneti kila mwezi lakini huifaidi ndani ya jengo moja tu la boma. Ruta, yaani kile kijisanduku kinachopokea intaneti na kuisambaza kwa mawimbi ya Wi-Fi, huwekwa sebuleni mwa nyumba kubwa. Wakati huo huo, mwanafunzi wa chuo anayetegemea masomo ya mtandaoni analala katika chumba cha uani, mama anashona nguo katika kibanda kilicho kando ya lango na hupokea maagizo ya wateja kwa simu, nalo banda la kuku linahitaji kamera ya ulinzi. Kila mmoja wao hulazimika kununua data kwa laini yake ya simu, ingawa intaneti iliyokwisha kulipiwa iko hatua hamsini tu kutoka alipo.

Makala haya yanaeleza njia zinazotumika kuivusha intaneti hiyo kutoka jengo moja hadi jingine, manufaa na udhaifu wa kila njia, pamoja na hatari zinazoweza kuandamana nayo. Msomaji atakayeyafuata hadi mwisho atatambua kwamba kinachoamua njia ifaayo si bei ya kifaa wala sifa zilizoandikwa kwenye kasha lake, bali ni kile kilicho baina ya majengo mawili. Anayenunua kabla ya kukagua nafasi hiyo aghalabu hulipa mara mbili.

Intaneti ilivyoingia majumbani

Kabla ya mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti ili kuunganishwa na mataifa ya nje, na gharama yake ilikuwa ya juu mno kwa mwananchi wa kawaida. Hali ilianza kubadilika mwaka huo pale nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini, zikafuatwa na EASSy iliyoanza kazi mwaka wa 2010. Kutoka hapo nyaya za faiba zilisambazwa mijini hadi zikafika milangoni mwa watu. Mwishoni mwa 2014 huduma ya 4G ilianzishwa, na ruta zinazotumia laini ya simu zikaenea hata mahali ambapo faiba haijafika. Mnamo Julai 2023, Starlink ilianza kutoa huduma nchini, na wakazi wa mashambani wakapata njia nyingine ya kupokea intaneti kutoka angani bila kungoja waya.

Huduma hizi zote zina jambo moja linalofanana: hukomea katika kifaa kimoja, ndani ya jengo moja. Waliozibuni walifikiria nyumba ambayo vyumba vyake vyote viko chini ya paa moja. Boma la kwetu halijengwi hivyo. Miongoni mwa Waluo, kijana aliyekomaa huwa na simba yake. Wakikuyu wana thingira, nyumba ya mwanamume inayosimama peke yake. Huko Pwani, jiko na vyumba vya uani hutenganishwa na nyumba kubwa. Na katika mitaa ya zamani ya Nairobi, vyumba vya wafanyakazi viko nyuma ya nyumba ya mwenyeji.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19 na masomo kuhamia kwenye simu na tarakilishi, wazazi wengi waligundua kuwa intaneti ya sebuleni haivuki ua. Tangu wakati huo, kazi za kufanyiwa nyumbani na masomo ya mtandaoni hazijatoweka, na swali la namna ya kuivusha limebaki.

Kwa nini mawimbi hukwama

Wi-Fi ni redio. Ruta nyingi za nyumbani hutumia masafa mawili: gigahatsi 2.4 na gigahatsi 5. Urefu wa wimbi la kwanza ni takriban sentimita 12.5, na la pili ni takriban sentimita 6. Masafa ya 5 hubeba data kwa kasi kubwa zaidi lakini hudhoofika upesi yanapokutana na kuta. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi, ila kasi yake ni ndogo, na mijini huwa yamesongamana kwa sababu ruta za majirani hutumia masafa yayo hayo.

Kizuizi cha kwanza ni umbali wenyewe. Kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya mawimbi hupungua hadi robo ya ilivyokuwa, hata kama hakuna kitu chochote njiani.

Kizuizi cha pili ni vifaa vya ujenzi. Mbao na ukuta mkavu wa udongo hupitisha mawimbi bila taabu kubwa. Ukuta wa mawe hupunguza sehemu kubwa ya nguvu, na zege lenye vyuma ndani yake hupunguza zaidi. Kuta nene za matumbawe katika nyumba za kale za Lamu na Mombasa ni ngome hata kwa redio. Hata hivyo, adui mkubwa kabisa ni mabati. Chuma hakimezi mawimbi, bali huyarudisha yalikotoka. Chumba kilichozungushiwa mabati pande zote na kuezekwa kwa mabati ni kama sufuria iliyofunikwa. Kinachoingia ndani hupitia dirishani na kwenye nyufa tu.

Kizuizi cha tatu ni maji, hasa yaliyo ndani ya mimea. Ua wa michongoma, migomba na mahindi mabichi humeza mawimbi. Ndiyo maana intaneti iliyofika bila shida mnamo Februari, shamba likiwa tupu, huweza kupotea Juni mahindi yanaposimama kimo cha mtu. Mwenye boma hudhani ruta imeharibika, kumbe ni shamba lililostawi.

Kuna jambo la nne ambalo wengi hawalitambui. Mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Ruta huzungumza na simu, nayo simu sharti ijibu. Nguvu ya simu kwa kawaida ni ndogo kuliko ya ruta, kwani antena yake ni ndogo na betri yake lazima ihifadhiwe. Kwa hivyo simu iliyo uani inaweza kuonyesha alama za mawimbi, ilhali hakuna ukurasa unaofunguka. Simu inamsikia msemaji, ila sauti yake yenyewe haifiki. Kwa sababu hiyo, kununua ruta moja yenye antena nyingi na kuiacha palepale sebuleni mara nyingi hakutibu tatizo.

Kagua kabla ya kununua

Ukaguzi hauhitaji fundi wala gharama. Kwanza, pima umbali wa kutoka ruta ilipo hadi mahali intaneti inapohitajika, kisha pima tena kutoka ukuta mmoja wa nje hadi ukuta wa jengo la pili. Vipimo hivi viwili vitahitajika baadaye.

Pili, simama karibu na ruta ukapime kasi ya intaneti kwa simu. Kama kasi ni mbovu hata hapo, tatizo liko kwa mtoaji wa huduma au kwenye kifurushi unacholipia, na hakuna kifaa kitakachoongeza kile ambacho hakikuingia nyumbani. Kama ni nzuri, rudia kipimo hicho nje ya mlango, kisha katikati ya ua, kisha mlangoni pa jengo la pili, na hatimaye ndani yake. Mahali kasi inapoporomoka ghafla ndipo kizuizi kilipo.

Tatu, tumia mojawapo ya programu za bure za kupima nguvu ya mawimbi. Programu hizi huonyesha nguvu kwa namba hasi, katika kipimo kiitwacho dBm. Namba iliyo karibu na -50 ni ya mawimbi yenye nguvu nyingi. -67 hutosha kwa mazungumzo ya video. Na inapofika -80, mawasiliano yako karibu kukatika.

Nne, chunguza kama kutoka dirisha la nyumba kubwa unaweza kuliona jengo la pili bila mti wala ukuta kuziba. Tano, angalia kama majengo yote mawili yanatumia mita moja ya umeme au kila moja ina mita na tokeni zake. Sita, jiulize mahitaji halisi ni yapi. Mazungumzo ya video hutosheka na megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde katika kila upande, na filamu ya ubora wa juu huhitaji takriban megabiti 5. Hakuna haja ya kugharimika ili kupeleka megabiti 100 katika banda la kuku.

Hatua isiyo na gharama

Kabla ya jambo lolote lingine, jaribu kuihamisha ruta. Mara nyingi fundi wa kampuni huifunga mahali palipo karibu na waya wake, si mahali panapomfaa mwenye nyumba. Ruta iliyowekwa ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, kando ya jokofu au sakafuni hupoteza nguvu kabla mawimbi hayajatoka chumbani. Iinue hadi kimo cha mtu au zaidi, na uiweke karibu na dirisha linalotazama jengo la pili.

Kisha chagua masafa ya 2.4 kwenye kifaa kilicho uani, na katika mipangilio ya ruta uteue chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizi tatu haziingiliani. Ikiwa majengo yametenganishwa na mita kumi na tano hivi na dirisha linatazamana na dirisha, hatua hii pekee huweza kutosha.

Ripita na mesh

Ripita ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kikapokea mawimbi ya ruta na kuyatangaza upya. Ni rahisi kufunga na bei yake ni nafuu, na hiyo ndiyo sababu huwa chaguo la kwanza la wengi. Hata hivyo, kuna makosa mawili ya kawaida.

Kosa la kwanza ni kukiweka ndani ya chumba ambamo mawimbi hayafiki. Ripita haiumbi intaneti. Hurudia kile inachosikia. Ikisikia mnong'ono, itatangaza mnong'ono. Mahali pake ni pale ambapo mawimbi bado yana nguvu ya kutosha, kwa mfano kwenye dirisha la nyumba kubwa linalotazama uani.

Kosa la pili ni kutarajia kasi ile ile. Ripita yenye redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja katika chaneli moja, kwa hivyo kasi hupungua hadi nusu hivi. Kifurushi cha megabiti 20 kitatoa megabiti 10 au pungufu. Ripita zenye redio mbili hupunguza hasara hiyo. Anayeunganisha ripita ya pili kwa ya kwanza hupoteza tena nusu ya kilichobaki.

Mesh ni ndugu ya ripita. Ni mkusanyiko wa vijisanduku viwili au vitatu vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja wenye jina moja, na simu huhama kutoka kimoja hadi kingine bila mwenyewe kujua. Hufaa sana ndani ya nyumba yenye vyumba vingi. Baina ya majengo, mesh hutii sheria zile zile za kuta na mabati, isipokuwa vijisanduku vyake viunganishwe kwa waya.

Waya wa ardhini

Pale ambapo ardhi inachimbika na umbali hauzidi mita 100, waya ndio njia imara kuliko zote. Hauathiriwi na mahindi, mvua wala ruta za majirani. Kiwango cha mita 100 ndicho kikomo kilichowekwa kwa waya wa mtandao wa shaba, na huhesabiwa kutoka tundu la kifaa kimoja hadi tundu la kifaa kingine, ikiwemo sehemu inayopanda na kushuka ukutani. Waya wa daraja la Cat 5e hubeba hadi gigabiti 1 kwa sekunde katika umbali huo, kasi inayopita vifurushi vingi vya nyumbani.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kazi kubwa hapa ni ya jembe. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 45 hadi 60, ili waya usikatwe wakati wa kulima. Upitishe ndani ya paipu ya plastiki, kwani fuko na panya hutafuna waya ulioachwa wazi. Ni busara kuacha kamba ndani ya paipu hiyo ili siku ya kubadilisha waya usichimbe upya. Mtaro wa waya wa mtandao usiwe mmoja na wa waya wa umeme; angalau sentimita 30 ziwatenganishe, kwa ajili ya usalama na kuzuia mwingiliano.

Aidha, kuwa mwangalifu dukani. Waya wa ndani ya nyumba haukutengenezwa kuvumilia jua wala unyevu, na ganda lake hupasuka baada ya muda. Ulizia ule wa nje, ambao kwa kawaida una ganda jeusi gumu. Vilevile chunguza kama nyuzi za ndani ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba. Nyaya za alumini huuzwa kwa bei ya chini, lakini hukatika upesi zinapokunjwa, hupoteza nguvu zaidi katika masafa marefu, na hupata joto zinapotumiwa kupeleka umeme kwa vifaa kama kamera.

Waya ukishafika, huunganishwa na ruta ya pili au kifaa maalumu cha kusambaza mawimbi. Ruta ya zamani iliyokuwa imetupwa kabatini inaweza kufanya kazi hii. Katika mipangilio yake, zima ile huduma ya kugawa anwani, iitwayo DHCP, ili kazi hiyo ibaki kwa ruta ya nyumba kubwa peke yake. Ipe anwani tofauti na ya ruta ya kwanza. Kisha uchomeke waya katika mojawapo ya matundu ya kawaida, si lile lililotengewa intaneti ya kuingia. Ruta mbili zikiachwa zote zigawe anwani katika mtandao mmoja, vifaa vitaunganishwa lakini intaneti itapatikana na kupotea kama mwanga wa kimulimuli.

Jihadhari na radi

Tahadhari kabla ya hatari. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia ya data, lakini pia ni njia ya umeme wa radi. Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga mti ulio karibu, umeme huenea ardhini na kupanda katika chuma chochote kinachoipa njia. Majengo mawili yenye nyaya tofauti za kupeleka umeme ardhini, zile ambazo mafundi huziita athi, huweza kuwa na tofauti kubwa ya umeme kwa muda mfupi, na tofauti hiyo hukimbilia kwenye waya wa mtandao. Ruta, televisheni na tarakilishi huungua kwa pamoja, na aliyekigusa kifaa hicho huwa hatarini.

Hili si jambo la kupuuzwa katika maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria, ikiwemo Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga mara kwa mara na huua watu. Katika maeneo hayo, waya wa shaba usifungwe baina ya majengo bila vizuia radi katika ncha zote mbili, vilivyounganishwa na athi iliyokaguliwa na fundi wa umeme aliyehitimu. Na hata vikiwepo, ni vyema kuchomoa nyaya wingu la mvua linapotanda.

Njia salama zaidi ni waya wa faiba. Faiba ni kioo na hubeba mwanga, kwa hivyo haipitishi umeme, almuradi ununue ile isiyo na uzi wa chuma ndani yake. Pia haifungwi na kikomo cha mita 100. Huhitaji kifaa kidogo katika kila upande cha kugeuza mwanga kuwa mawasiliano ya waya wa kawaida. Nyaya za faiba zilizokwisha kufungwa vichwa kiwandani huuzwa kwa urefu maalumu, na hizo humwepusha mwenye nyumba na gharama ya mashine ya kuunganishia. Jambo la kuzingatia ni kutoukunja kwa pembe kali, kwani kioo huvunjika.

Antena mbili zinazotazamana

Panapokuwa na barabara, mto mdogo, mwamba au shamba la jirani katikati, kuchimba hakuwezekani. Hapo suluhisho ni antena mbili zinazotazamana, moja katika kila jengo. Ruta ya kawaida humwaga mawimbi pande zote kama taa ya chemni. Antena hizi huyakusanya kuelekea upande mmoja kama kurunzi. Vifaa hivi huuzwa kwa jozi, vingi hutumia masafa ya gigahatsi 5, na huweza kuvuka kilomita kadhaa penye uwazi. Kwa umbali wa mita 50 hadi 300, hata vile vya bei ya chini huwa na nguvu ya kutosha.

Kila kimoja hufungwa nje, ukutani au kwenye mlingoti, na hupokea umeme kupitia waya ule ule wa mtandao unaotoka ndani. Kwa kuwa antena iko nje ya ukuta na nje ya mabati, vizuizi vyote vya ujenzi huwa vimekwepwa. Ndani ya jengo la pili, ruta ndogo husambaza intaneti kwa simu na tarakilishi.

Sharti kuu ni kuonana. Na kuonana hakumaanishi tu kwamba jicho linapita katika upenyo wa majani. Mawimbi huhitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari ulionyooka, yenye umbo kama la ndizi iliyonona katikati. Kwa umbali wa mita 100 katika masafa ya gigahatsi 5, nafasi hiyo hufika mita 1.2 kila upande katikati ya njia. Katika gigahatsi 2.4 hufika takriban mita 1.8. Tawi la mwembe linalochomoza hapo hupunguza nguvu ingawa antena zinaonana. Kwa hivyo inua antena juu ya kimo cha mahindi yaliyokomaa na ufikirie mti utakavyokuwa baada ya miaka mitatu.

Mlingoti wa chuma uliosimama juu kuliko paa ni mwaliko kwa radi. Usiufunge juu kuliko inavyohitajika, na hakikisha umeunganishwa na athi. Faida ya antena ni kwamba hakuna shaba inayounganisha majengo hayo mawili, kwa hivyo radi ikipiga upande mmoja haisafiri kwa waya hadi upande wa pili.

Kupitia nyaya za umeme

Kuna pia vifaa vinavyotumia nyaya za umeme zilizomo ukutani kubeba data. Kimoja huchomekwa kwenye soketi karibu na ruta, na kingine kwenye soketi ya jengo la pili. Njia hii huvutia kwa kuwa haihitaji kuchimba wala kupanda paa, lakini ina masharti. Majengo yawe chini ya mita moja ya umeme. Penye mita mbili zenye tokeni tofauti, usitarajie ifanye kazi. Nyaya ziwe katika hali nzuri, na vifaa vichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye kebo ya kuongezea soketi wala kwenye kifaa cha kulinda umeme, kwa kuwa hivyo huchuja data. Pampu ya maji au mashine ya kuchomelea vyuma ikiwashwa, kasi huweza kushuka. Nunua tu kwa muuzaji atakayekubali kukirejesha kifaa kisipofaa.

Umeme unapopotea

Intaneti iliyovushwa hutegemea vifaa vingi zaidi, na kila kimoja kinahitaji umeme. Ruta ikizimika katika nyumba kubwa, kifaa cha uani huendelea kuonyesha mawimbi yasiyobeba chochote. Bahati nzuri ni kwamba ruta nyingi hutumia volti 12 na hazili umeme mwingi. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa Ah 7 ina wati-saa 84. Ruta inayotumia wati 10 ingeendeshwa nayo kwa saa nane katika hesabu, lakini kwa kuwa betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, hesabu ya kweli ni saa nne. Hakikisha kwanza volti iliyoandikwa nyuma ya ruta yako, kwani kifaa cha volti 9 au 5 kitaungua kikipewa 12. Paneli ndogo ya sola huweza kuihudumia antena ya jengo lisilo na umeme kabisa, kama vile zizi lililo mwisho wa shamba.

Usalama na sheria

Mawimbi yanayovuka ua wako huvuka pia ua wa jirani. Badilisha nywila iliyokuja na kifaa, ile ya kujiunga na mtandao na ile ya kuingia katika mipangilio. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime kitufe cha kujiunga bila nywila kiitwacho WPS. Kwa wageni na wafanyakazi wa muda, tengeneza mtandao wa wageni ulio na nywila yake, ili kamera na tarakilishi za nyumbani zisiwe wazi kwao.

Kugawana intaneti na jamaa walio ndani ya boma ni jambo la kawaida. Kuivusha hadi kwa majirani na kuwatoza ada ni jambo jingine: anayeuza huduma za mawasiliano kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kampuni nyingi hukataza kuuza tena huduma ya nyumbani. Vilevile, kuingia katika mtandao wa mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018.

Njia ipi ikufae?

Kwa muhtasari, majengo yaliyo karibu yenye madirisha yanayotazamana hutosheka kwa kuihamisha ruta, na ikishindikana, kwa ripita iliyowekwa dirishani. Chumba cha mabati kinahitaji kifaa ndani yake kinacholishwa kwa waya au kwa antena iliyofungwa nje. Ripita iliyo ndani ya nyumba kubwa haitakitosha. Ardhi inayochimbika chini ya mita 100 hufaa waya, na penye radi nyingi au umbali mkubwa zaidi, faiba. Palipo na kizuizi kisichochimbika lakini pana uwazi juu, antena mbili ndizo zinazofaa. Na pasipo na uwezekano wowote kati ya hizi, ruta ya pili yenye laini ya simu, licha ya gharama yake ya kila mwezi, huwa bora kuliko vifaa vitatu vya bei nafuu visivyofanya kazi.

Atakayekwenda dukani akiwa na karatasi yenye umbali wa mita, aina ya kuta, kilicho katikati na kasi anayohitaji, muuzaji hatapata nafasi ya kumchagulia. Kanda ya kupimia na simu iliyo mfukoni vyatosha kuijaza karatasi hiyo katika alasiri moja.